Ploti yako inabeba ghorofa ngapi? Hesabu ya kufanya Nairobi kabla ya kumlipa msanifu

Watu wengi wanaonunua ploti Nairobi huhesabu ghorofa kwa macho. Wanasimama getini, wanatazama jengo la jirani, wanahesabu madirisha hadi juu, kisha wanakubali bei ya ploti inayobeba ghorofa 14. Aliyewaonyesha jengo hilo ni muuzaji mwenyewe. Jengo la jirani halikuambii lolote kuhusu ploti yako. Huenda ploti yake ni ekari nzima, huenda ilibadilishwa matumizi miaka mingi iliyopita, huenda kesi yake bado iko mahakamani, na huenda halina kibali kabisa.

Urefu wa jengo hauamuliwi na sheria moja. Fikiria dari kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila moja na mwenyewe: hatimiliki ina yake, kaunti ina yake, ndege zina yake, zimamoto wana yao, udongo una yake. Unazitafuta zote, kisha unajenga chini ya ile iliyo chini kuliko zote. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa gharama. Dari za mwanzo unazijua kwa ada ndogo na asubuhi moja ya kukaa na karatasi. Za mwisho zinahitaji wataalamu na mashine. Ukigonga kichwa kwenye dari ya kwanza, huna haja ya kulipia kupimwa kwa ile ya tano.

Nimetumia Nairobi kwa sababu ndiko tarakimu zake ninazozijua. Aliye Nakuru, Kisumu au Thika atafuata mpangilio huu huu, ila viwango atavipata kwenye kaunti yake.

Hatua ya 1: Soma karatasi za ardhi

Fanya sachi ya ardhi kwanza, yaani omba rekodi rasmi ya ploti. Ploti nyingi za Nairobi sasa zinapatikana kwenye Ardhisasa, jukwaa la mtandaoni la wizara ya ardhi lililozinduliwa 2021. Wengi huitazama sachi kwa jambo moja tu, jina la mwenye ardhi, kisha wanaifunga. Wewe soma mpaka chini. Unatafuta eneo kamili la ploti, aina ya umiliki, muda uliobaki kama ni ya kukodi kutoka serikalini au kaunti, na masharti maalum.

Masharti maalum ndiyo dari ya kwanza. Hati za zamani za kukodisha ardhi, hasa katika mitaa iliyokuwa ya wazungu, mara nyingi zinasema kwamba ardhi itajengwa nyumba moja ya kuishi familia moja, na wakati mwingine zinataja ni sehemu gani ya ploti inayoruhusiwa kufunikwa na majengo. Sharti hilo halifutiki kwa sababu mtaa umebadilika. Linaondolewa kwa maombi rasmi ya kubadilisha matumizi ya ardhi, yenye tangazo la umma, na majirani wana haki ya kupinga. Kama mtaa wako una chama cha wakazi kilicho hai, jua kwamba kuna mtu huko anayesoma matangazo ya magazeti kila wiki akitafuta maombi kama lako.

Kisha pima eneo. Ploti ya "hamsini kwa mia" huuzwa kwa jina la thumuni ya ekari. Thumuni kamili ya ekari ni futi za mraba 5,445. Hamsini kwa mia ni futi 5,000, yaani kama mita za mraba 465. Pengo hilo la mita 41 ni zaidi ya chumba cha kulala na sebule, na hesabu zote zinazofuata zinaanzia kwenye eneo. Mlete mpima ardhi mwenye leseni athibitishe bikoni, yaani alama za mipaka, ziko mahali ramani inaposema ziko. Ukuta wa jirani si bikoni.

Hatua ya 2: Jua ploti iko katika ukanda gani

Nairobi iligawanywa katika kanda zenye namba, na mwongozo uliotumika kwa muda mrefu ni wa 2004. Kila ukanda una mambo manne ya kuangalia: matumizi yanayoruhusiwa, asilimia ya ploti inayoweza kufunikwa na jengo, uwiano wa ploti (jumla ya sakafu zote ikilinganishwa na eneo la ploti), na eneo dogo kabisa la ploti. Baadhi ya kanda zinaongeza la tano, idadi ya ghorofa.

Mfano ninaoupenda ni ukanda wa 4, kwa sababu ndiko kelele nyingi ziliko: Kilimani, Kileleshwa, Riverside, Spring Valley, Thompson, Woodley. Mwongozo wa 2004 uliruhusu fleti huko mahali penye bomba la maji taka la umma tu, kwa kufunika asilimia 35 ya ploti, uwiano wa asilimia 75, na ghorofa zisizozidi 4. Pasipo bomba la maji taka, kufunika kulishuka hadi asilimia 25, na uwiano vilevile 25. Ploti ndogo kabisa ilikuwa hekta 0.05, yaani mita za mraba 500. Rudi kwenye hamsini kwa mia yako uone: mita 465 haifiki.

Sasa pita Kilimani leo utazame juu. Minara ya ghorofa 12, 15 na zaidi imejaa. Kaunti imekuwa ikitoa vibali vinavyopita namba za 2004 kwa hoja kwamba jiji limekua, barabara zimepanuliwa na mpango mkuu wa jiji wa 2014 hadi 2030 unataka watu wengi zaidi katikati. Wakazi nao wamekuwa wakienda kortini na kuuliza swali moja: hiyo sera mpya ilipitishwa lini, na bunge gani la kaunti? Maoni yangu ni kwamba wakazi wanauliza swali la haki. Mwekezaji anayejenga kwa kutegemea rasimu ya sera amejenga juu ya karatasi inayoweza kuondolewa mezani.

Kwa hiyo usikubali jibu la mdomo kuhusu ukanda. Mtafute mpangaji wa miji aliyesajiliwa, mwandikie barua idara ya mipango ya kaunti ukitaja namba ya ploti, uliza viwango vinavyotumika sasa na vimetoka kwenye waraka gani. Jibu lenye muhuri liweke kwenye faili. Siku mambo yatakapochacha, barua hiyo ndiyo utakayoishika mkononi.

Kama ploti iko Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu, au ng'ambo kule Mji Mkongwe wa Unguja, sahau habari za uwiano. Huko kuna mamlaka za uhifadhi, na kipimo ni majengo yaliyokuwepo: ukuta wa mtaa, paa za majirani, upana wa kichochoro. Lamu iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001 na Mji Mkongwe tangu 2000, na ghorofa moja inayochomoza juu ya paa za wengine huonekana tangu baharini.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mita

Hapa ndipo ndoto nyingi hupata kipimo. Chukua nusu ekari, tuseme mita za mraba 2,000 ili hesabu iwe nyepesi, kwenye ukanda wenye asilimia 35 ya kufunika na uwiano wa 75.

Kufunika: asilimia 35 ya 2,000 ni mita 700. Hiyo ndiyo sakafu kubwa kabisa inayoweza kugusa ardhi.

Uwiano: asilimia 75 ya 2,000 ni mita 1,500. Huo ni jumla ya sakafu zote ukizijumlisha kutoka chini hadi juu.

Gawanya 1,500 kwa 700. Unapata 2.14. Yaani ukitandaza jengo mpaka mwisho wa ruhusa yako, mita zinakwisha ukiwa umeanza tu ghorofa ya tatu. Ukitaka zote 4, kila moja itakuwa na mita 375.

Mzee mmoja aliwahi kuleta hatimiliki ya nusu ekari akataka ghorofa 10. "Mwanangu, mimi nataka nyumba nyingi, sitaki uwanja mkubwa," akasema. Tukakaa na kikokotoo. Mita 1,500, toa asilimia 15 ya ngazi na korido, zinabaki 1,275. Fleti ya vyumba viwili vya kulala ikiwa na mita 75, unapata fleti 17. Akauliza je, zikiwa ghorofa mbili? Fleti 17. Zikiwa nne? Fleti 17. Na zikiwa 10, kama sheria ingekubali? Zile zile 17, isipokuwa sasa umeongeza lifti, pampu na nguzo nene, na ngazi zinakula sehemu kubwa zaidi ya kila sakafu, kwa hiyo huenda zikabaki 14. Mzee alinyamaza, akakunja hatimiliki yake, kisha akauliza bei ya mabati.

Ghorofa nyingi si nyumba nyingi. Kinachozaa nyumba ni uwiano wa ploti. Idadi ya ghorofa inaamua tu kama mita hizo zitalala au zitasimama.

Mambo hugeuka pale uwiano unapokuwa mkubwa. Ploti hiyo hiyo ikiwa na uwiano wa asilimia 200, una mita 4,000. Kwa sakafu ya mita 700 unahitaji ghorofa karibu 6 kuzimaliza. Kama ukanda unasema mwisho ni 4, utatumia mita 2,800 tu na 1,200 zitakufa. Hapo ndipo idadi ya ghorofa inapokuwa dari ya kweli, na hapo ndipo kuna maana ya kumlipa mpangaji wa miji aombe nyongeza.

Kabla hujamaliza hesabu, uliza kaunti kwa maandishi mambo matatu. Je, maegesho ya chini ya ardhi yanahesabiwa ndani ya uwiano? Je, ghorofa ya chini inaingia kwenye hesabu ya ghorofa 4, au 4 zinaanzia juu yake? Na je, urefu unapimwa kuanzia wapi ploti ikiwa na mteremko: barabarani, au kwenye wastani wa ardhi? Kwenye ploti ya bonde kama zile za Kileleshwa zinazoshuka mtoni, jibu la swali hili la tatu peke yake linaweza kukupa au kukunyima ghorofa nzima.

Hatua ya 4: Ondoa mita za pembeni

Chora ploti kwenye karatasi kwa vipimo. Toa nafasi ya mbele kutoka barabarani, ya nyuma na za pembeni kama kaunti inavyodai. Kinachobaki katikati ndicho unachoweza kujengea. Kama ni kidogo kuliko asilimia ya kufunika, basi hicho ndicho kipimo chako.

Kisha angalia barabara. Ramani ya upimaji inaonyesha upana wa hifadhi ya barabara, nao mara nyingi ni mpana kuliko lami unayoiona. Kwenye mto, kanuni zimeweka ukanda wa ulinzi wa kati ya mita 6 na 30 kutoka kingo, na Agosti 2018 Nairobi iliona majengo ya biashara yakibomolewa kwa kukaa humo, likiwemo Ukay Centre pale Westlands. Laini kubwa za umeme nazo zina ukanda wao. Hizi zote hazikati urefu moja kwa moja, ila zinakata sakafu, na sakafu ikikatwa mtu hujaribu kufidia kwenda juu.

Hatua ya 5: Uliza ndege

Nairobi ina bahati mbaya ya kuwa na viwanja vitatu vya ndege ndani ya jiji: Jomo Kenyatta, Wilson, na kambi ya anga ya Eastleigh. Mtu wa South C, Lang'ata, Upper Hill au Embakasi anaweza kuwa na ukanda mzuri, uwiano mzuri na barua ya kaunti yenye muhuri, kisha KCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ikamkata ghorofa tano.

Viwango vinatoka kwenye kanuni za kimataifa za usafiri wa anga. Kwa viwanja vya ukubwa huu, ndani ya kilomita 4 kutoka uwanjani kuna dari bapa iliyo mita 45 juu ya kimo cha uwanja. Ukitoka nje ya duara hilo, dari inaanza kupanda kwa asilimia 5: kila mita 20 unazosogea mbali, unapata mita 1 ya juu. Mbele ya njia ya kutua mambo ni makali zaidi. Kwa njia ambazo ndege hutua kwa kutumia vyombo vya kuongozea, dari hupanda kwa asilimia 2 tu, mita 1 kwa kila mita 50. Ukiwa kilomita 1 mbele ya njia hiyo, dari iko karibu mita 19 juu ya ncha ya njia.

Zingatia maneno "juu ya kimo cha uwanja". Hayasemi juu ya ploti yako. Wilson iko karibu mita 1,690 kutoka usawa wa bahari. Ongeza 45, dari iko 1,735. Sasa tuseme ploti yako iko kilomita 2 kutoka hapo, juu ya mwinuko wa mita 1,705. Nafasi yako ni mita 30, zile 45 hazikuhusu. Toa mita 5 za tangi, chumba cha lifti na kizuia radi, kwa sababu kinachopimwa ni ncha ya mwisho kabisa na wala si paa. Zimebaki 25. Kwa mita 3 kila ghorofa, una ghorofa 8. Jirani aliye bondeni, mita 15 chini yako, anapata 13 kwa sheria ile ile, na wewe ukimtazama utadhani alihonga mtu.

Mwinuko huu usipimwe kwa simu. Mpima ardhi atatoa vipimo vya mahali na kimo kutoka usawa wa bahari kwa kifaa chake, na ndivyo vitakavyojazwa kwenye fomu ya KCAA pamoja na urefu unaoombwa. Kama ploti iko chini ya anga la viwanja viwili, dari ya chini ndiyo inayoshinda. Na krene ya ujenzi inaombewa ruhusa yake peke yake, maana ndiyo ndefu kuliko jengo. Watu husahau hili hadi krene ikiwa imeshasimikwa.

Hatua ya 6: Moto, lifti, maji, magari

Dari hizi hazijaandikwa kama namba ya ghorofa, lakini zinauma. Kanuni mpya za Kitaifa za Ujenzi zilichapishwa 2024 na kuanza kutumika Machi 2025, zikichukua nafasi ya zile za 1968. Mwambie msanifu wako akuonyeshe zinadai nini kwa urefu unaoutaka, kabla hajachora.

Moto ndio wa kwanza. Jengo likipita mahali ngazi ya gari la zimamoto inapofika, watu wa juu wanaokolewa na jengo lenyewe: ngazi zilizozungushiwa kuta zisizoshika moto, milango inayojifunga, bomba la maji la wazimamoto linalopanda kila ghorofa. Grenfell Tower ya London ilikuwa na ghorofa 24 na ngazi moja. Moto wa Juni 14, 2017 uliua watu 72. Ngazi ya pili inakula mita kadhaa za kila sakafu, kwa hiyo iingize kwenye hesabu ya hatua ya 3 tangu mwanzo.

Lifti ni suala la pesa zaidi. Fleti nyingi za kupangisha Nairobi hukomea ghorofa ya tano au sita kwa sababu hapo ndipo mpangaji anapokataa kupanda na mwenye nyumba anapokataa kununua lifti. Ukivuka hapo kidogo tu, ghorofa 7 kwa mfano, umelipia lifti nzima kwa ajili ya ghorofa moja au mbili. Ama ubaki chini, ama uende juu ya kutosha ijilipe.

Maegesho ndiyo yanayoua miradi mingi ya ploti ndogo. Kila fleti inadai nafasi yake ya gari, gari linahitaji nafasi ya kugeuka, na ploti ya hamsini kwa mia ikishajengwa haina pa kugeuzia hata probox. Maji taka tumeyataja: pasipo bomba la umma, tarakimu zako zote zinashuka.

Hatua ya 7: Udongo, na zile nondo zilizoachwa juu

Kote Afrika Mashariki utaona nyumba ya ghorofa mbili yenye nondo zimechomoza juu ya slabu, zimepinda, zimeota kutu, wakati mwingine zimevishwa chupa za plastiki. Ni matumaini ya mwenye nyumba. Akipata pesa ataongeza. Muuzaji naye atakwambia, "Hii msingi wake ni wa ghorofa tano."

Nondo hizo hazithibitishi chochote. Nguzo inabeba mzigo iliyopigiwa hesabu, na hesabu iko kwenye mchoro wa mhandisi, si kwenye chuma kilichobaki juu. Ukinunua nyumba kwa nia ya kuongeza, omba michoro ya awali ya mhandisi yenye muhuri na jina lake, na uhakikishe kwenye Bodi ya Wahandisi kwamba amesajiliwa. Kama michoro haipo, mhandisi wako atalazimika kuchimba kuona msingi, kutoboa zege na kupeleka vipande maabara vikapondwe, na kutumia kifaa cha kutambua nondo ndani ya nguzo: ngapi, unene gani, zimepishana umbali gani. Ni gharama, na jibu mara nyingi ni hapana. Likiwa hapana, likubali.

Kwa ploti tupu, chimba mashimo ya uchunguzi kabla ya kuchora. Upande wa mashariki na kusini wa jiji, Embakasi na South C kwa mfano, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Unachimbwa na kuondolewa mpaka pagumu. Huko kaskazini-magharibi udongo ni mwekundu. Wakati mwingine gharama ya msingi peke yake ndiyo inayokwambia ghorofa ngapi zina maana.

Machi 29, 2013, jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Maelezo yaliyotolewa baadaye yalisema kibali kilikuwa cha ghorofa 10, ilhali jengo lilikuwa limefika 16. Sita za ziada, juu ya nguzo ambazo hazikuombewa kibali cha kuzibeba. Aprili 2016, Huruma hapa Nairobi, jengo la makazi lililokuwa karibu na mto lilianguka usiku wa mvua kubwa, likaua watu zaidi ya 45. Kwa hiyo mtu akikwambia kibali cha ghorofa "kinaongezwa tu baadaye", jua anazungumzia karatasi. Msingi ukishamwagwa, hauongezwi baadaye.

Hatua ya 8: Peleka maombi

Sasa una namba yako, na una ushahidi wa kila dari. Maombi ya ruhusa ya ujenzi yanawasilishwa kwa kaunti kupitia mfumo wake wa mtandaoni, na msanifu aliyesajiliwa ndiye anayepakia michoro ya usanifu, mhandisi ile ya muundo. NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, inashughulikia tathmini ya athari kwa mazingira. Baada ya kaunti kukubali, mradi unasajiliwa NCA, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, pamoja na mkandarasi wake. Kila mtaalamu anayeweka sahihi, mthibitishe kwenye bodi yake. Mihuri ya kuazimwa ipo, na bei yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ruhusa inachukuliwa kuwa imetolewa. Ni kifungu kizuri cha kumsukumia afisa anayekalia faili. Kukitumia kuanza kujenga ghorofa 12 ni jambo jingine, na mwanasheria wako atakwambia hivyo. Ukikataliwa, au ukipewa chini ya ulichoomba, una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya mambo haya, na baada ya hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kujenga bila ruhusa ni faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote, lakini hiyo si hasara kubwa ukilinganisha na amri ya kubomoa.

Na kibali mkononi nacho hakimalizi mambo. Katika Manhattan, New York, jengo namba 108 la East 96th Street lilijengwa ghorofa 31 kwa kibali cha jiji lenyewe. Baadaye ikagundulika ramani ilisomwa vibaya, na mahali pale mwisho ulikuwa ghorofa 19. Mmiliki alisema alikuwa na kibali. Mahakama ikasema kibali kilichotolewa kwa kosa hakimpi mtu haki ya kuvunja sheria. Mwaka 1993 ghorofa 12 za juu zilibomolewa. Ndiyo maana nilikwambia uombe barua ya ukanda, na usome waraka uliotajwa humo kwa macho yako.

Hatua ya 9: Linda urefu ukiwa unajenga

Urefu hupotea kidogo kidogo. Slabu imewekwa sentimita 5 juu zaidi, fundi ameongeza tofali moja ili dirisha likae vizuri, na kufika ghorofa ya nane umepita nusu mita. Mpima arudi kila slabu ikishamwagwa, aandike kimo, mhandisi aweke sahihi kabla ya nondo za ghorofa inayofuata kufungwa. Michoro iliyopitishwa ikae kwenye mjengo, ile yenye muhuri, si nakala ya simu ya msimamizi.

Mwenye nyumba akija na wazo la "chumba kidogo tu" juu ya paa, hilo ni badiliko la mchoro. Linarudi kaunti, na kama uko karibu na uwanja wa ndege linarudi KCAA pia. Usimruhusu mkandarasi akimwage wikendi.

Na kama wewe ndiye jirani unayetazama ghorofa zikiongezeka upande wa pili wa ukuta, anza na bango la mjengo. Linapaswa kuonyesha mradi ni wa nini, wataalamu wake ni akina nani, na namba za idhini. Lipige picha, hesabu ghorofa, andika tarehe, kisha peleka malalamiko kwa maandishi kwa idara ya mipango ya kaunti na nakala kwa NCA. Kaunti ina uwezo wa kutoa notisi ya kusimamisha kazi. Bango likiwa halipo kabisa, liandike hilo kwenye mstari wa kwanza wa barua yako.